Mbuzi wa Bweranyange na Dawa Nyeupe

Wenzangu wa ofisi ya mifugo, mliniaga kwa keki, kanga doti mbili na sifa nyingi, nyingine sikuzitambua kabisa kuwa zinanihusu mimi. Kisha mmoja wenu akanifuata mlangoni akaniambia, "Bi Adelina, tuandikie basi kidogo kuhusu kazi." Nimeandika, ila si kidogo. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Mwenye hamu nazo aende masjala, faili langu lipo, na ni nene kuliko nilivyowahi kuwa mimi. Nitaandika habari za minyoo ya mbuzi na kondoo, kwa sababu hao ndio niliokaa nao muda mrefu kuliko bosi yeyote.

Nilishuka Omurushaka kwa basi la kutoka Bukoba nikiwa na sanduku la bati, cheti cha chuo, na viatu vya visigino nilivyoazima kwa dada yangu. Nilidhani nitaonyeshwa meza. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kamugisha, mkaguzi wa nyama, mtu mfupi mwenye buti za mpira zilizomfika karibu na magoti. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti," akasema akiniangalia miguuni. "Hivyo viatu ni vya harusi ya nani?"

Hakusubiri jibu. Tulikwenda moja kwa moja machinjioni, sanduku langu likiwa bado mkononi. Palikuwa na mbuzi aliyekwisha kuchunwa. Mzee Kamugisha akachukua tumbo la nne kati ya manne aliyonayo mbuzi, akalipasua kwa mkato mmoja wa taratibu, akalifungua kama mtu anayefungua kitabu. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba, fupi kama pini, rangi nyekundu iliyosokotwa na nyeupe. Zilikuwa zinacheza.

"Hawa wanakunywa damu," akaniambia. "Mbuzi halalamiki. Anapauka, anapauka, siku moja anaanguka na mwenyewe anasema amelogwa. Wasalimie vizuri. Hawa ndio waajiri wako."

Tangu siku ile sijawahi kuwa na wasiwasi wa kukosa kazi.

Mzee Kamugisha alinifundisha mambo mawili ambayo chuoni niliyasikia lakini sikuyaelewa. La kwanza, usimwamini mbuzi aliyesimama. Mfunue kope la chini la jicho uangalie rangi ya ndani. Mwenye afya kope lake ni jekundu kama kahawa iliyoiva mtini, na anayenyonywa damu anaelekea weupe wa ndizi iliyomenywa. La pili, kinyesi cha kupima hakiokotwi chini, maana hujui cha nani wala cha lini. Unakichukua kwa mbuzi mwenyewe, kwa kidole kilichovaa glavu. Glavu zikiwepo. Zisipokuwepo, sabuni ilikuwepo.

Maabara yangu ilikuwa meza moja karibu na dirisha. Nilikuwa na maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi inakataa kuyeyuka, chujio la chai, na kigae cha kioo chenye mistari ya kuhesabia. Unaponda kinyesi kwenye maji ya chumvi, unachuja, unajaza kigae, unasubiri mayai ya minyoo yaelee juu, kisha unayahesabu kwa hadubini. Hadubini yenyewe ilitumia kioo kidogo kilichodaka mwanga wa jua. Kwa hiyo wakati wa mvua, minyoo walipokuwa wengi kuliko wakati wowote, ndipo nilipokuwa sioni kitu. Ninyi mna hadubini za umeme na bado nawasikia mnalalamika kuhusu kiti.

Vijijini walinipa jina la Dokta wa Vinyesi. Mwanzoni nililia kidogo. Baadaye nililizoea, na mwishowe nikaona lina heshima zake, kwa sababu watu walikuwa wananiletea sampuli nyumbani zikiwa zimefungwa kwa jani la mgomba, nadhifu kuliko samaki wa sokoni. Mume wangu alijifunza kuuliza kabla ya kufungua kitu chochote kilichofungwa kwenye jani.

Zamani zile Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja, na mimi na pikipiki yangu tulizunguka kote. Baadaye nilipewa kata chache, Bweranyange na Nyakakika zikiwemo, na hapo ndipo nilipoanzisha kitu nilichojivunia kuliko vyote: siku ya kunywesha. Kila baada ya miezi mitatu ilitangazwa kanisani, kwa Walutheri na kwa Wakatoliki, na mbuzi wote wa kijiji waliletwa. Nilikuwa na dawa nyeupe ya maji, chupa ya soda ya kunyweshea, na kipimo changu kilikuwa kifuniko cha chupa ya dawa. Mbuzi mkubwa kifuniko kimoja, mdogo nusu. Hakuna aliyerudi nyumbani bila kunywa. Watu walipiga foleni, mbuzi walipiga kelele, na mimi nilijiona mtu.

Mwanamke wa kwanza kwenye foleni siku zote alikuwa Mama Koku wa Bweranyange, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wafugaji. Alikuwa na mbuzi kumi na wanne, kila mmoja na jina lake, aliowafunga kamba kuzunguka kibanja chake cha migomba. Alikuwa mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu, mchanganyiko mbaya sana kwa mtumishi wa serikali.

Ambaye hakuja kwenye foleni hata siku moja alikuwa Mzee Byabato wa Nyakakika. Huyu alikuwa mtu wa ng'ombe. Alikuwa na kondoo kama arobaini hivi, lakini aliwazungumzia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ndugu aliyemkopa na kupotea. Nilimfuata mara nyingi.

"Mzee wangu, leta kondoo wanywe dawa."

"Waitu," akanijibu kwa neno la heshima la kwetu, "kondoo zangu hawaumwi."

"Hawaumwi vipi na wale watatu kule wamevimba chini ya taya?"

"Basi nipe ya hao watatu."

Nilimpa ya hao watatu, na maneno ya bure juu yake. Kwenye mikutano ya kijiji nilimtaja kabisa, yeye akiwepo, kama mfano wa mfugaji asiyependa maendeleo. Watu walicheka. Yeye alitabasamu na kuangalia fimbo yake. Hili naliandika makusudi, muone nilivyokuwa hodari.

Mwaka mmoja mvua ziliwahi na hazikuondoka. Wiki tatu baada ya siku ya kunywesha, Mama Koku akanipigia simu asubuhi.

"Bi Adelina, shikamoo. Njoo uone mbuzi zako."

"Marahaba. Mbuzi zangu?"

"Ukiwanywesha ni zako. Wakifa pia ni zako."

Nilifika nikakuta wawili wamekufa na wengine wamesimama vichwa chini, taya zimevimba kama waliohifadhi chakula mdomoni. Nikafunua kope. Nyeupe. Nikafunua za mwingine. Nyeupe. Nikampasua aliyekufa alfajiri ile, nikalifungua tumbo la nne pale pale kwenye majani ya mgomba, na Mama Koku akiwa amesimama juu yangu. Lilikuwa limejaa nyuzi nyekundu na nyeupe, na zote zilikuwa hai. Wiki tatu baada ya dawa.

Nilifanya alichofanya kila mtaalamu tangu utaalamu uanze. Nilimlaumu mwenye mbuzi.

"Mama Koku, labda hawakumeza. Labda walitema."

"Uliwashika taya wewe mwenyewe."

"Labda dawa ilikuwa imepitwa na wakati."

"Chupa ulikuja nayo wewe."

"Labda malisho…"

"Bi Adelina," akasema, bila kupandisha sauti, "nimeleta mbuzi kila ulipoita. Hata mara moja sikukosa. Sasa niambie kweli. Unajua kinachowaua, au hujui?"

Sikujua. Nikamwambia sijui. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililosema asubuhi ile, na lilinitoka kwa shida kuliko kupanda mlima wa Bweranyange na pikipiki iliyoisha gia.

Nilirudi kwenye meza yangu ya dirishani. Nilichukua vinyesi vya mbuzi kumi wa kikundi, nikahesabu mayai, nikawanywesha dawa kutoka chupa mpya iliyofunguliwa mbele yangu, ya duka jingine kabisa, kwa kifuniko changu kile kile. Baada ya wiki mbili nikahesabu tena. Mayai yalikuwa pale pale. Nilifuta kioo, nikahesabu upya. Nikabadilisha kigae. Nikaenda nje nikapunga hewa, nikarudi nikahesabu mara ya tatu. Minyoo walikuwa wameinywa dawa yangu kama uji.

Hapo nikahitaji wanyama wa kulinganisha nao, ambao hawakupita kwenye foleni yangu. Katika kata zangu zote, kwa bidii yangu mwenyewe, walikuwa wamebaki wa mtu mmoja tu.

Mzee Byabato alinipokea vizuri mno. Alinipa kiti, akanipa maziwa, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za pikipiki, na hakuuliza nimefuata nini mpaka niliposema mwenyewe.

"Unataka kinyesi cha kondoo zangu," akarudia polepole, kama mtu anayeonja asali. "Hawa hawa wa mtu asiyependa maendeleo."

"Hao hao, mzee wangu."

Akaniruhusu. Nilipima, nikanywesha kumi kati yao, nikarudi baada ya wiki mbili. Mayai yalikuwa karibu yote yamekwisha. Dawa ile ile. Kwa kondoo wa mtu niliyemcheka hadharani ilifanya kazi, na kwa mbuzi wa mama aliyenitii bila kukosa hata mara moja, ilikuwa maziwa.

Nikampigia simu Mzee Kamugisha. Alikuwa amestaafu siku nyingi, anaishi kwenye migomba yake. Nikamweleza yote.

"Ulipima kwa nini?" akauliza.

"Kwa kifuniko."

"Kipimo kile ni cha kondoo, kimeandikwa kwenye karatasi ya dawa. Mbuzi mwili wake unaitoa dawa haraka, anahitaji zaidi ya kondoo. Ukimpa kidogo, minyoo dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaana. Halafu ulinywesha wote kwa pamoja, hukubakiza hata mmoja. Kwa hiyo waliobaki kuzaa ni wale wagumu tu."

Kisha nikamwuliza, "Mzee, kile kifuniko alinifundisha nani?"

Simu ikawa kimya.

"Mtandao unasumbua," akasema, akakata.

Alipiga tena baada ya siku mbili. Hakusalimia wala kusubiri nimwamkie. "Adelina, tulikosea wote," akasema. "Lakini wewe ndiye uliye kazini."

Nilikaa na maneno yale wiki nzima. Ningeweza kubadilisha dawa kimya kimya, nikawaambia watu kuna aina mpya nzuri zaidi, na hakuna ambaye angejua. Mume wangu alinishauri hivyo, na si mtu mbaya. Lakini kila nilipojiandaa kulala niliona Mama Koku amesimama juu yangu, ananiuliza najua au sijui.

Tulikutana Jumamosi mchana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kidevuni. Kikundi chote cha wanawake kilikuwepo na waume zao kadhaa. Mzee Byabato nilimwalika mwenyewe, akaja na fimbo yake na kofia ya Jumapili. Kwa Mama Koku walikuwa wamebaki mbuzi watano.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi lakini sikuyasoma.

"Dawa niliyowanywesha haifanyi kazi tena kwa mbuzi wenu," nikasema. "Haikuharibika yenyewe. Niliiharibu mimi. Niliwapa kidogo, niliwapa wote, na niliwapa mara nyingi. Mliofuata maneno yangu sana ndio mliopoteza sana. Nawaomba msamaha."

Nje mwalimu wa zamu alikuwa anafagia, nilisikia kila fagio lilipogusa chini. Mwanamume mmoja wa nyuma akaguna, "Kumbe na wataalamu hukosea!" Mtu akamwambia anyamaze.

Nikaendelea. "Na Mzee Byabato, nilikutaja vibaya mbele ya watu. Kumbe katika kata hizi wewe ndiye uliyekuwa unafuga sawasawa. Ulitibu wagonjwa tu, wazima ukawaacha. Kwa wale wazima wakabaki minyoo ambao hawajawahi kuijua dawa, wakachanganyika na wale wagumu, na dawa ikaendelea kuwa na nguvu. Naomba uwaambie wenzako ulikuwa unachagua vipi."

Mzee Byabato akasimama, akakohoa, akarekebisha kofia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuombwa kuhutubia habari za kondoo, na alitamani sana iwe ng'ombe.

"Niseme ukweli, tupo karibu na kanisa," akaanza. "Mimi sikuwa na elimu yoyote. Kondoo wana mbio, na mimi magoti yangu mnayajua. Nilikuwa nawakamata wale wasioweza kukimbia. Hao ndio niliowanywesha."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Hata Mama Koku alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Mimi pia nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye dawati la mtoto, nikashindwa kutoka, wakanivuta watu wawili. Ndugu zangu, nimekwenda semina nyingi na kula biskuti zake zote, lakini sijawahi kusikia njia ya kuchagua mbuzi wa kutibu iliyoelezwa vizuri kuliko ile.

Kilipoisha kicheko Mama Koku akanyoosha mkono.

"Hao watano waliobaki tunawafanyaje?"

Hakusema amenisamehe. Alisema hivyo tu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kama angelia nami.

Tulianza kazi upya. Tulipata dawa ya aina nyingine kabisa, si jina jipya la ile ile. Someni kilichomo ndani ya chupa, msisome rangi ya boksi. Kifuniko nilikitupa, nikatumia bomba la sindano lenye namba. Uzito tulipima kwa mizani ya kahawa. Mbuzi alitiwa kwenye gunia, kichwa nje, akaning'inizwa kama debe la buni, na akatutazama kwa dharau hadi tulipomaliza. Walionyweshwa ni wenye kope jeupe peke yao. Asubuhi mbuzi hawakutoka mpaka umande ukauke, kwa sababu watoto wa minyoo hupanda kwenye ncha za majani yakiwa yamelowa, na kamba zikahamishwa kutoka bondeni kwenda mahali pakavu. Majani mengine yalikatwa na kuning'inizwa juu, yasiliwe penye vinyesi.

Haikuwa miujiza. Mbuzi mmoja wa Mama Koku alikufa hata hivyo, na mwingine, aliyeitwa Malkia, alirudi kwenye dawa kila mara tulipokagua kope. Nikamwambia mbuzi wa namna hiyo hafai kuzalishwa, aliwe tu. Krismasi iliyofuata nilialikwa kula kwake, ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na nyama. Nilipouliza habari za Malkia aliniambia, "Unamtafuna." Sikujua kama ningepaswa kuendelea au kuacha. Niliendelea.

Misimu kadhaa ya mvua ikapita. Mbuzi wakaanza kuzaa kuliko walivyokufa. Mama Koku akajifunza kufunua kope haraka kuliko mimi, akawa anazunguka vibanja vya wenzake jioni, na watu wa kata jirani wakamwita kabla ya kuniita mimi. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikazoea. Mzee Kamugisha aliwahi kuja mwenyewe kuona, buti za mpira zile zile au ndugu zao, akazunguka zizi la Mama Koku akifunua kope moja moja. Wakati wa kuondoka akamwambia Mama Koku, "Huyu nilimfundisha mimi," akinionyesha kwa kidole. Mama Koku akamjibu kwamba amesikia habari hizo.

Sasa nimestaafu. Mwezi uliopita nilikuwa naanika kahawa uani simu ikaita. Ni Mama Koku. Hakusalimia. Nikasikia sauti ya kijana ikizungumza kwa mbali, nikaelewa kwamba ameweka simu mezani ikiwa wazi ili nisikilize. Kijana huyo ni mmoja wenu, na sitamtaja, yeye anajijua. Alikuwa anamweleza, kwa Kiswahili kizuri sana cha chuo, kwamba ni vizuri mbuzi wote wanyweshwe kwa pamoja, kila baada ya miezi mitatu, kwa utaratibu.

"Wote?" Mama Koku akauliza.

"Wote, mama."

"Hata huyu mwenye kope jekundu?"

"Ni kinga, mama."

Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilitaka kusema kitu. Mama Koku akasema kabla yangu, kwa ile sauti yake isiyopanda.

"Aliyekuwa hapa kabla yako alitunywesha wote. Mbuzi wakafa. Akaja darasani pale akasimama mbele ya waume zetu, akasema nimekosea mimi, naombeni msamaha. Wewe siku ukikosea, utaweza?"

Kimya kikawa kirefu. Nilidhani mtandao unasumbua.

"Sijui, mama," kijana akasema mwishoni. "Nitajitahidi."

"Basi kaa," nikamsikia Mama Koku akivuta kiti. "Nikuonyeshe kope."

Nikakata simu, nikarudi kwenye kahawa yangu.